Kumi Hadi Jua Lizame

Mimi ni shemasi, na kanisani kazi yangu inayojulikana ni moja tu: simu. Ukija kuabudu kwetu Scarborough siku ya Sabato utanikuta mlangoni nimekunja uso, nikikuambia uinyamazishe simu yako kabla hujaketi. Nimewahi kumtoa nje daktari mzima. Nimewahi kumkodolea macho mchungaji mgeni mpaka akaizima yake akiwa mimbarini. Kwa hivyo yaliyonipata mimi na simu siku ya fainali, jameni, Mungu mwenyewe lazima alicheka.

Mume wangu Josaphat ni Mnandi, mimi Phyllis ni Mkisii, na kila mmoja wetu alikataa kata kata kujifunza lugha ya mwenzake, basi nyumba yetu ikawa ya Kiswahili. Binti yetu wa pekee, Chepngetich, tulimleta Kanada akiwa bado na mapengo ya mbele. Kiswahili anakisikia chote, hata kile cha kunong'onezana jikoni, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Nimebembeleza, nimekemea, nimenuna. Wapi! Nikamwachia Mungu.

Mbio alizo nazo ni za upande wa baba yake, sitasema uongo. Kwetu sisi hatukimbii, tunatembea tukiongea. Mwaka wake wa kwanza chuoni, kocha wa timu ya wasichana, Wayne, alimwona akilikimbiza basi ambalo lilikuwa limeshatoka kituoni. Alilishika. Wayne akapanda basi hilo hilo, akiacha gari lake pale pale, kumwuliza kama anajua mpira. Anajua. Alicheza na wavulana wa mtaa miaka yote tuliyokaa Thorncliffe Park.

Wayne akaja nyumbani kutuomba, kistaarabu kabisa. Josaphat akamsikiliza, kisha akamwambia sharti. Sisi ni Wasabato. Kuanzia jua linapozama Ijumaa mpaka linapozama Jumamosi, mtoto huyu hagusi mpira, hagusi kiatu cha mpira, wala haendi kuwatazama wanaougusa. Josaphat ni mzee wa kanisa, na akisema jua limezama hasemi giza limeanza kuingia. Anasema jua. Wayne alikuna kichwa, akasema nusu ya mechi ni Jumapili, atakubali hizo.

Basi msimu ukaanza, na ukawa msimu wa ajabu. Jumapili Chepngetich akiwa mbele, timu yetu ilikuwa moto wa kuotea mbali. Jumamosi bila yeye walikuwa wanatambaa, wakiponea kwa sare. Lakini hawakufungwa ovyo, kwa sababu golini kulikuwa na Zeena. Msichana mwembamba, mkimya, miwani anaivua dakika ya mwisho kabla ya filimbi, na bado anaudaka mpira ambao mimi mwenye macho mawili mazima siuoni. Na katikati alikuwa nahodha, Michelle, mtoto wa mtaa wa Malvern. Huyo ni mfupi kuliko mimi na sauti yake inaweza kusimamisha treni.

Michelle hakutupenda. Baada ya Jumamosi moja ya sare, kesho yake alinifuata kwenye maegesho ya magari, akaniuliza kwa Kiingereza, bila hata salamu, kwani Mungu wenu hana siku nyingine? Woi! Mdomo uliniwasha. Nilikuwa na majibu matatu tayari na yote matatu yalikuwa mabaya. Lakini Mungu akaniokoa na ulimi wangu, nikamwambia tu: njoo kwetu Ijumaa kabla jua halijazama, uione hiyo siku yenyewe, kisha uitukane ukiwa umeijua.

Akaja kweli, amemkokota Zeena. Nilikuwa nimepika chapati na maharagwe ya nazi na kabichi. Walikula kama watu waliotoka vitani. Jua lilipozama Josaphat akafungua Sabato kwa wimbo na sala, runinga ikazimwa, simu zikawekwa kwenye kikapu, na baada ya hapo hakukuwa na lolote la kufanya. Tukakaa. Tukaongea. Nilipogeuka, Michelle alikuwa amelala kwenye kochi, mdomo wazi. Mtoto huyo alikuwa akipanga bidhaa dukani alfajiri, darasani mchana, uwanjani jioni, na nyumbani ana wadogo wa kulea. Alipoamka aliniambia hajawahi kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayetaka kitu kutoka kwake. Nikaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Ijumaa iliyofuata akarudi bila kualikwa. Kufikia Oktoba nilikuwa na timu karibu nzima imejitandaza kwenye zulia langu, na unga wa chapati ninanunua mfuko ule wa harusi. Josaphat alijifanya analalamika. Lakini nilimwona Ijumaa mchana akipanga viti.

Kuna watu wengine wawili lazima uwajue. Jengo refu la ghorofa linapakana na uwanja wa chuo, na ghorofa ya tano wanaishi babu na bibi yake Zeena, Mzee Mohamedraza na mkewe Razia, Waismailia wa Mwanza. Tulijuana kwa makelele. Jumapili moja nilikuwa napiga kelele kwa Kiswahili, "Mpe pasi huyo, mbona unamnyima!" nikasikia sauti kutoka juu: "Mama wewe, ama upunguze sauti ama upande uje unywe chai!" Nikapanda. Nikasema hujambo. Mzee akanitazama, akasema nyinyi watu wa Kenya shikamoo mliipoteza wapi? Tangu siku hiyo nampa shikamoo yake kila nikimwona, na ananijibu marahaba kama anayepokea mshahara.

Sasa fainali. Nusu fainali tulishinda Jumapili, lakini yule msichana aliyekuwa akicheza nafasi ya Chepngetich siku za Jumamosi alivunjika kifundo cha mguu. Siku tatu baadaye homa ikaingia kwenye timu, ikalaza wanne. Waliobaki wazima walikuwa kumi na mmoja pamoja na binti yetu. Na fainali ikapangwa Jumamosi, saa kumi na moja jioni, uwanjani kwetu.

Wayne aliomba isogezwe. Wenye ligi wakakataa. Akaja nyumbani tena, safari hii akakaa tu ameshika kikombe. Jua lingezama kipindi cha pili, kila mtu alilijua hilo. Chepngetich alikuwa mezani anaangalia mikono yake. Mtoto wangu hakuomba. Angeomba ningegombana na mume wangu na tungemaliza, lakini hakuomba, na hilo ndilo lililoniuma. Nilijua anautaka mchezo huo kuliko kitu chochote, na alikuwa anatungoja sisi.

Michelle ndiye aliyesema. Alikuwa kwenye zulia, mahali pake. Akasema sheria inaruhusu kuanza na watu kumi na wa kumi na moja akaingia baadaye, refa akikubali. Jina lake liandikwe. Nafasi yake ikae wazi. "Tutacheza kumi hadi jua lizame," akasema, na Zeena akatikisa kichwa kukubali, na wengine nao.

Josaphat akasimama akaenda dirishani. Alikaa huko muda mrefu akiangalia maegesho kana kwamba kuna kitu.

Likabaki swali la jua lenyewe. Pale uwanjani jengo la chuo linalificha mapema, huwezi kujua limezama au limejificha. Nikamwambia Josaphat simu inaonyesha saa ya machweo. Akasema simu ilitengenezwa na mtu na jua liliumbwa, na yeye atafuata lililoumbwa. Mume wangu nampenda, lakini kuna siku ningempa mtu bure. Aliyetuokoa ni Mzee Mohamedraza, tulipopanda kwake kunywa chai. Akasema, "Kibaraza changu kinatazama magharibi, hakuna kitu mbele. Sisi nasi sala ya jioni twaifuatisha na jua, sijaanza kulitazama leo. Likizama kabisa, nitakupigia wewe Mama Chepngetich. Na sikupunguzii hata ukucha, hata kama mjukuu wangu anafungwa." Josaphat akampa mkono. Nambari iliyoachwa ikawa yangu, kwa maana Josaphat huiacha simu yake nyumbani siku ya Sabato.

Jumamosi tukaenda kanisani kama kawaida. Nikasimama mlangoni kama kawaida. Jioni tukaegesha gari pembeni mwa uwanja, chini ya jengo la Mzee, mgongo wa gari ukielekea kwenye mchezo. Josaphat ndiye aliyeegesha hivyo, makusudi. Nyuma alikaa Chepngetich, koti la kanisani juu, jezi ndani. Kuhusu jezi kulikuwa na mjadala tangu asubuhi. Baba yake mwishowe aliamua kwamba jezi ni nguo lakini viatu ni kazi. Kwa hivyo njumu zilikuwa mapajani mwake, kamba zimelegezwa, na hakuna anayeruhusiwa kuzivaa mpaka jua lizame.

Tukaanza nyimbo za kufunga Sabato. Filimbi ikalia nyuma yetu. Mimi niliketi mbele, na upande wangu kuna kioo kidogo cha pembeni. Mungu anisamehe, kioo kiliwekwa kitazamwe. Niliona wasichana kumi wakikimbia mahali pa kumi na mmoja. Niliona Michelle akifanya kazi ya watu wawili, na Zeena akiruka, akianguka, akiruka tena. Kila aliporuka mimi niliimba kwa sauti zaidi, na Josaphat akadhani ni Roho.

Mapumziko yakafika, hakuna aliyefunga. Baridi ikaingia garini. Kipindi cha pili kikaanza, na kwenye kioo wasichana wetu walianza kuchoka. Sasa mtu akianguka alikaa chini kidogo kabla ya kuamka. Michelle alikuwa ameshika kiuno. Kisha nikasikia mlio kutoka upande wa wageni, mlio wa mashabiki ambao hauhitaji kuelezwa. Bao moja kwa bila.

Josaphat akanyamaza katikati ya ubeti.

Nimeishi na mtu huyu miaka mingi. Nimemwona akikataa kazi nzuri kwa sababu ya Sabato, na akikataa kuwasha jiko mgeni akiwa mlangoni. Aligeuka akamtazama binti yake, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Nenda, mama," akasema. "Nenda uwasaidie wenzako. Mungu anaona."

Mimi nikashika mlango niufungue mwenyewe. Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshamtoa nje mtoto huyo katika moyo wangu tangu filimbi ya kwanza.

Chepngetich alizikumbatia zile njumu kifuani. Alikuwa analia, na kamasi juu. Akasema, kwa Kiswahili, sauti nyembamba kama ya zamani:

"Bado, Baba."

Kisha akaudaka ule ubeti mahali ambapo baba yake aliuangusha, akauendeleza. Maneno yote. Sikujua kama anayajua yote. Sisi wazazi tukaingia nyuma yake, sauti zetu zimepinda, tukaimba mpaka mwisho. Tukaanza mwingine. Tukaumaliza huo nao. Nikaanza kujiuliza hili jua limekwama wapi, kwani leo limepata mgeni huko? Nje taa za uwanja zilikuwa zimewaka, na mimi nakwambia nililiombea jua mabaya.

Ndipo tukasikia kelele kutoka juu. Ting! Ting! Ting! Chuma kwa chuma. Nikashusha kioo nikachungulia. Ghorofa ya tano, Mama Razia alikuwa kibarazani na sufuria na mwiko wa chuma, anapiga kwa nguvu zake zote. Na kando yake Mzee Mohamedraza, ameshika ukingo kwa mikono miwili, anapaza sauti uwanja mzima ukisikia:

"Mama Chepngetich! Pokea simu! Jua limezama! Limezamaaa! Mwachie mtoto!"

Simu. Niliivuta kutoka mkobani. Alikuwa amenipigia mara saba. Ilikuwa kimya, kama nilivyoinyamazisha mwenyewe asubuhi mlangoni mwa kanisa. Mimi, shemasi wa simu! Sikupata hata nafasi ya kuona aibu, kwa sababu Josaphat alikuwa ameshasema sala ya kufunga Sabato, sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba. Ilikuwa "Asante, Baba, amina," na akatoka garini.

Akafungua mlango wa nyuma. Chepngetich akatoa miguu nje, na mzee wa kanisa akapiga magoti kwenye lami na suti yake ya Sabato. Alichukua mguu wa kulia, mimi wa kushoto. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, na fundo nililofunga halikuwa fundo la maana, lakini lilishika. Kisha akakimbia. Koti lilibaki hewani nyuma yake, nikalidaka.

Safari hii tuligeuka tukatazama kwa macho yetu, hatukuhitaji kioo. Refa alimwashiria aingie. Wale kumi walipomwona, walijaribu kupiga makofi na baadhi hawakuweza kuinua mikono. Na sasa nikwambie, Chepngetich aliucheza mpira. Wageni walikuwa wamekimbia saa nzima na zaidi, yeye alikuwa ameketi garini. Aliwapita kama watu waliosimama foleni. Alipofika pembeni akaukata mpira ndani, na Michelle, sijui kwa miguu ya nani, akatokea na kuuingiza. Bao moja kwa moja. Juu kule sufuria ilipigwa mpaka nikaihurumia.

Lakini hatukushinda. Mechi ikaenda kwenye penalti. Chepngetich alifunga yake, mwenzake mmoja akakosa, Zeena alidaka moja, na ya mwisho kwetu alipiga Michelle. Miguu ilikuwa imekwisha. Mpira ulikwenda juu, ukakaribia kuvunja kioo cha gari la mtu. Michelle alikaa chini pale pale na jezi yake usoni.

Usinipe pole. Ngoja kwanza.

Chepngetich alimfikia kwanza. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alikuwa anamwomba msamaha, anasema kama angeingia mapema, kama asingewachelewesha, na mimi nikazidi kuikumbatia simu yangu yenye hatia. Michelle akaiondoa jezi usoni. Akamwambia, wewe umewahi kutuuliza kwa nini tunakula chapati zote za mama yako? Basi nyamaza. Wakabaki wamekaa pale, wamekumbatiana kwenye nyasi za plastiki, na wengine wakaja mmoja mmoja wakajirundika.

Josaphat alikwenda akasimama mbele ya Michelle. Kiingereza chake ni kizuri, anakitumia kazini kila siku, lakini jioni hiyo kilimtoroka. Aliinama, akamshika mtoto yule mikono yote miwili, akasema, "Asante. Asante sana, mwanangu. Asanteni nyote." Michelle hajui Kiswahili zaidi ya chapati, na hakuuliza maana.

Sabato iliyofuata tukawa na shukrani kanisani. Kwetu mtu akitendewa wema mkubwa, anasimama mbele ya watu anausema. Timu nzima ilikuja, aliyevunjika na waliopona homa, wamejaza safu mbili za viti vya mbele. Mzee Mohamedraza na Mama Razia walikuja pia, wamevaa vizuri kuliko sisi wenyeji. Nilikuwa mlangoni. Mzee aliponifikia aliniuliza, polepole, "Simu tuzinyamazishe?" na watu wote walionijua wakacheka. Nikamwambia aingie kabla sijamnyang'anya shikamoo yake.

Chepngetich akasimama mbele. Nilitegemea Kiingereza. Alizungumza Kiswahili, kilichokatikakatika, kikakwama hapa na pale, hakuna aliyecheka. Akasema anamshukuru Mungu kwa wenzake, waliomshikia nafasi. Akawashukuru babu na bibi wa Zeena kwa macho yao na kwa sufuria yao. Akanishukuru mimi kwa kumfunga kiatu. Kisha akasema, "Na namshukuru Baba. Yeye ndiye alinifundisha kungoja."

Kanisa zima likasema amina. Mzee wa kanisa wetu, kila mtu akamgeukia kwa heshima.

Josaphat ni mtu mkweli. Nilimwona akishika mgongo wa kiti cha mbele, anainuka, anataka kuwaambia watu aliyosema garini. Ndani ya gari tulikuwa watatu tu, na hakuna mwingine ambaye angejua kamwe. Chepngetich alikuwa amesharudi kuketi kando yake. Aliweka mkono juu ya goti la baba yake, akamshusha taratibu.

"Bado, Baba," akamwambia. "Hao wasimame kwanza."

Akawaashiria wasichana wa viti vya mbele, nao wakainuka, Michelle, Zeena na wenzao, hawajui waweke wapi mikono. Kanisa likawapigia makofi. Josaphat alilia waziwazi, mbele ya washiriki wote. Nikampa leso yangu, halafu nikatafuta kitu cha kujifutia mimi, nikatumia kilemba.